Barua kwa Shangazi: Mvulana Wangu Amechagua Mwanasesere

*Assalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Majengo, Mombasa. Wa kwanza ni mvulana, atatimiza miaka 5 mwezi wa Rajabu. Wa pili ni msichana, ana miezi mitatu. Idi iliyopita mwanangu alikusanya mkono wa Idi, shilingi 450, tukampeleka baazari ya Makadara mimi na baba yake. Baba yake akamwambia achague atakacho, pesa ni zake. Kulikuwa na bunduki za maji, magari ya polisi yenye ving'ora, mipira, miwani. Akavipita vyote, akaenda kumshika mwanasesere wa gauni la waridi, yule afumbaye macho ukimlaza. Baba yake akamwambia, "Hicho cha wasichana, chukua gari." Mtoto akakataa, akalia mbele za watu, mpaka nikatoa zile pesa zake nikamlipa muuzaji.*

*Tangu siku hiyo hatuna raha. Mtoto haachani na mwanasesere wake. Amlaza begani, amfunika kwa kikoi cha baba yake, azunguka naye barazani akimpigapiga mgongoni na kumwambia, "Nyamaza, mama amelala." Majirani wacheka. Mama mkwe asema huku ni kujifananisha na wanawake, na kwamba mimi ndimi nimharibuye. Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi. Afanya kazi ya zamu bandarini, na akirudi usiku yeye ndiye ambebaye yule mdogo ili mimi nipate usingizi kidogo. Lakini wiki iliyopita alimchukua mwanasesere akamtupa juu ya kabati. Mtoto hakulia. Amekuwa kimya tu, na sasa akisikia mtu aja hujificha nyuma ya mlango, hata kama acheza na kitu kingine. Je, nimemkosea mwanangu? Nimrudishie ama niache? — Mama wa wawili, Majengo*

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera ya mtoto.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikairudia usiku, na mara hiyo ya pili kikoi kikanisimamisha. Leso za kujifunga hazikosi nyumbani kwako. Mtoto atakaye kumwiga mama yake hufuata leso, nimeona hivyo maisha yangu yote. Mwanao hakuchukua leso. Alichukua kikoi cha baba yake, akamlaza mwanasesere begani, akatoka naye barazani, akamwambia anyamaze kwa kuwa mama amelala. Sasa niambie, maneno hayo aliyasikia kwa nani? Wewe saa hizo u usingizini. Huyo ni baba yake arudipo zamu ya usiku: sauti yake, mkono wake mgongoni, hata njia yake ya kuzunguka baraza. Mtoto alikuwa macho akitazama wakati nyinyi mwadhani amelala.

Majirani waona mvulana ajifanyaye mama. Mimi naona mvulana ajifanyaye baba. Msomee mumeo maneno haya kabla hujamsomea mengine yoyote.

Nimesomesha chekechea miaka 31, na mtoto wa umri huo jambo likimwelemea hulicheza. Akidungwa sindano leo, kesho atawadunga wenzake wote kwa kijiti. Kukiwa na maziko mtaani, asubuhi ya pili utawakuta wamebeba boksi mabegani, wenda mbio nalo na kutahalili kama walivyowaona wakubwa, na hakuna mzazi aliyenijia akasema wanawe wataka kufa. Kwenu ameingia mtoto mchanga. Paja la mama limepata mwenyewe mwingine, wageni waja na zawadi za mdogo, na yeye mkubwa aambiwa kila dakika asipige kelele. Amejitafutia mtoto wake ili naye awe na kazi ndani ya nyumba hiyo. Mimi ningemshukuru. Wengine wa umri wake humfinya mdogo kwa siri.

Nataka nikwambie kosa langu, kwa sababu ndilo linifanyalo nikuandikie kwa urefu.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu, darasani tulikuwa na pembe ya nyumba: jiko la mkaa lililokatika mguu, sufuria mbili, mwiko, na mtoto wa kitambaa. Palikuwa na mvulana mmoja ambaye kila asubuhi alikwenda pale moja kwa moja, akateka mchanga, akapika, akawagawia wenziwe kwa utaratibu kabisa. Siku moja mkubwa wa shule alipita, akauliza mbona huyu yuko upande wa wasichana. Nikaona haya. Nikampokonya mwiko mbele ya darasa zima nikamwambia, "Wewe si mwanamke, nenda kwa wenzako wajengao." Hakwenda kujenga. Alikaa mlangoni, mgongo ukutani, siku ile na siku nyingi baada yake. Mwisho wa muhula ndipo nilipojua kwamba mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, na nyumbani walikuwa wakipika wao wawili, yeye na baba yake. Nilimwita tena jikoni kwa maneno matamu, nikampa mwiko mkononi. Hakuushika. Ilhali kabla ya siku ile alikuwa mtoto wa kunichangamkia kutoka getini.

Kwa hiyo uliposema wako ajificha nyuma ya mlango, nilimjua. Kilichomfunza kujificha ni kucheka kwa majirani na ile safari ya kwenda juu ya kabati. Alikuwa akicheza barazani, mchana, mbele ya kila mtu, mpaka wakubwa walipomfahamisha kwamba anachokipenda ni aibu.

Umeniuliza kama umemkosea. Kwa kumnunulia, hapana. Alipokosewa ni pale alipoambiwa achague kwa pesa zake mwenyewe, akachagua, kisha kikachukuliwa. Mkono wa Idi ni mali ya mtoto. Angenunua gari la polisi likachukuliwa, ningesema vivyo hivyo.

Sasa hili neno "cha wasichana". Mimi nimezaliwa Kibokoni. Tulikuwa tukitengeneza watoto wa magunzi ya mahindi, nywele ni zile nyuzi zake, nguo ni vipande vya leso kuukuu. Ndugu zangu wa kiume walichonga ngalawa za vifuu na magari ya mikebe, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili. Lakini ikifika saa ya kupikapika, wote tulikuwa pamoja: gari la mkebe lilileta mchanga, sisi tukaupika, na mtoto wa gunzi alipakatwa na yeyote aliyekuwa karibu. Hakuna bibi aliyetoka dirishani kupiga kelele. Na tazama wakubwa wa mji huu. Biriani ya harusi, ile ya masufuria ambayo mtu mzima aweza kuoga ndani yake, mara nyingi huwa mikononi mwa wanaume, na mpishi mzuri hugombewa. Ukitaka kanzu, wampelekea fundi mwanamume aliyeinamia cherehani. Sindano na mwiko hazimpunguzii mtu mzima kitu. Nashindwa kuelewa zinampunguzia nini mtoto wa miaka minne.

Hata rangi ile ya waridi inayowasumbua watu haikuanza jana wala haikuanzia kwetu. Mwezi wa Juni 1918 jarida moja la wauza nguo za watoto huko Marekani liliandika kwamba kanuni iliyokubalika ni waridi kwa mvulana, kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na buluu kwa msichana, kwa kuwa ni laini. Baadaye wafanyabiashara wakaigeuza. Mwaka wa 1964 kampuni ya Hasbro ilitoa mwanasesere wa kiume, mwanajeshi, wa kuvuliwa na kuvishwa nguo kama wanasesere wote. Ikajua kwamba wazazi hawatawanunulia wavulana kitu chenye jina hilo. Basi ikakataa kumwita mwanasesere, ikambuni jina lingine kabisa, na G.I. Joe akanunuliwa kwa wingi. Kilikuwa kitu kilekile.

Na wakubwa tuna mkono mkubwa katika haya bila kujijua. Watafiti wawili wa Uingereza, Caroline Smith na Barbara Lloyd, walichapisha utafiti wao mwaka wa 1978. Waliwapa akina mama mtoto wa miezi sita wasiyemjua wacheze naye. Mtoto alivishwa nguo na kuitwa jina la kiume ama la kike, pengine silo lake. Akina mama waliodhani wameshika mvulana walielekea kumpa nyundo kwanza, na waliodhani ni msichana wakampa mwanasesere. Mtoto alikuwa yuleyule. Hao si watu wabaya, ni sisi hasa, ni mimi na mwiko wangu.

Sisemi wavulana na wasichana hawana tofauti. Nimekaa nao miaka 31. Ukiwamwagia watoto 30 vitu sakafuni, wavulana wengi watakimbilia magari, na sitakwambia kwamba kila mmoja wao amefunzwa. Lakini "wengi" si mwanao. Yule anayekwenda kwingine yuko kila mwaka katika kila darasa, na ana haki ya kufika huko bila kupigwa kofi la maneno. Tena mwanasesere afunza mambo: vifungo, maneno ya upole, kumngoja mwingine. Matofali ya kujengea yafunza kupima, kusawazisha, kujua kipi kitoshacho wapi. Ukiwagawia watoto nusu kwa nusu kwa kufuata jinsia, kila mmoja akosa nusu.

Mama mkwe wako usimjibu wewe. Maneno ya mama mkwe hujibiwa na mwanawe, na akiyajibu mwanawe kwa adabu nyumba hubaki salama. Mimi si mwanachuoni, na masuala ya kujifananisha mwaweza kumwendea shehe wenu mkamweleza yote, pamoja na umri wa mtoto na kile kikoi. Nilichokisoma mimi ni hiki: Bi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akasema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Hilo limo katika Sahihi ya Bukhari. Na humo humo imo habari ya mjukuu wake wa kike, Umama, aliyebebwa na Mtume akiwa ndani ya sala. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Mwanamume kubeba mtoto si kioja katika dini yetu, na mvulana achezaye kubeba mtoto ajifunza jambo ambalo atalihitaji. Hata sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 yampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo mtoto azaliwapo. Wiki mbili hizo si za kukaa barazani na kahawa.

Kuna hofu nyingine ambayo hukuiandika, lakini akina baba waliniletea kila mwaka kwa sauti ya chini baada ya wengine kwenda zao. Naijibu pia. Kitu cha kuchezea cha shilingi 450 hakina nguvu ya kumgeuza mtoto akawa asiyekuwa. Mumeo apenda mwanawe, aogopa atakuja kuchekwa shuleni, na hofu hiyo naiheshimu. Ila sasa hivi anayemwonjesha mtoto kicheko hicho, kabla ya shule, ni nyumba yake.

Basi fanya hivi. Ngoja siku ambayo mumeo amepumzika, mtoto awe amelala. Mwambie tu kuhusu kikoi, kisha nyamaza umwachie mwenyewe. Akikubali, yeye ndiye amteremshe mwanasesere kwa mkono wake, ampe mtoto, amwambie, "Nilikosa kumchukua, ni wako." Asiongeze hotuba. Usiku akimbeba yule mdogo, amwite mkubwa barazani na wake, wazunguke pamoja. Majirani wakiuliza, mtoto awe na jibu lake tayari: "Huyu mtoto wangu, mimi baba yake." Mfunze aliseme kwa sauti. Wengi wa wachekao hukosa la kuendelea nalo. Na mumeo akikataa, mteremshe wewe, lakini si kwa kificho, mwambie umefanya hivyo na kwa nini.

Jambo la mwisho, kwa kuwa una mtoto mchanga ndani: vuta macho na vifungo vya mwanasesere uone kama vyang'oka, na kama alia ama aimba, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Zile betri ndogo za duara mtoto akizimeza humchoma ndani kwa muda mfupi sana. Mtoto akimeza, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Niandikie tena. Nataka kujua aliteremshwa na nani.

*Shangazi, mjukuu wangu wa kiume ana miaka 6. Kila akija kwangu huenda kwa jirani kucheza na vyombo vya watoto wa kike. Nikampatia vyake, vikombe na birika vya plastiki. Baba yake, mwanangu wa kumzaa, amevirudisha kwa mkono wake. Nimeona uchungu. — Bibi, Bondeni*

Shikamoo Bibi. Pole.

Viweke kwako, kabati la chini, pale mjukuu afikiapo mwenyewe. Nyumba yako ina utaratibu wako na mwanao hilo alijua tangu utoto. Mwambie mwanao wazi kwamba vipo na vitakaa. Usije ukamnong'oneza mjukuu, "Baba yako asijue," kwani hapo utakuwa umemfunza kwamba kumkaribisha bibi yake chai ni dhambi ya kuficha. Na akikuandalia kikombe cha maji ya mtungi, kaa chini, kipokee kwa mikono miwili, msifu sukari yake.

*Shangazi, mimi ni baba, nakaa Likoni. Binti yangu ana miaka 9. Kaka yake alinunuliwa gari la rimoti, yeye akanunuliwa seti ya jikoni. Gari likaharibika siku ya tatu, kaka akalitupa, binti akalifungua kwa kisu cha mezani, akaunganisha waya, likaenda. Sasa ataka bisibisi. Mama yake asema tukimzoesha hivyo atakosa wa kumwoa. Mimi nataka kumnunulia lakini sitaki ugomvi. — Baba, Likoni*

Baba, mnunulie. Akiendelea na kisu cha mezani atajikata.

Mkeo mwambie hivi kwa upole, kwa kuwa yeye aogopa upweke wa binti yake na hofu hiyo haina ubaya. Hapo mlipo, mkivuka feri mwaona meli kubwa zikiingia Kilindini. Kila meli kubwa haiingii peke yake, hupandiwa na rubani aijuaye njia ya maji. Neno hilo rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupelekwa kwenye ndege. Kazi hiyo kwetu ilikuwa ya wanaume tupu, mpaka Elizabeth Marami akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa rubani wa meli, na ni hapa hapa bandari ya Mombasa. Mpeleke binti yako ukingoni mwa maji siku meli yaingia, mwonyeshe, mwambie kuna mwanamke aliyewahi kusimama kule juu. Mwende na mama yake.

Bisibisi nunua mbili, bapa na ya msalaba, ndogo, zenye mpini wa plastiki. Zungumza na fundi wa redio wa mtaani akupe redio mbovu na vidude vilivyokufa. Wengi huwa navyo chungu nzima na hawavitaki. Mpe boksi la kuwekea skrubu ili zisipotee, na mara za mwanzo kaa naye mkekani, hata kama hujui lolote la nyaya, wewe shika tochi. Masharti ni machache na yasivunjwe: cha betri pekee, kisichochomekwa ukutani, na betri itolewe kwanza. Televisheni za zamani zile zenye mgongo mkubwa asifungue kamwe, kwa sababu hubaki na umeme ndani hata zikiwa zimechomolewa, na umeme huo waweza kuua.

Na lile gari alilolitengeneza, kama kaka yake alilitupa, sasa ni la nani? Amueni hilo nyumbani kabla ya Ijumaa.